Kukausha bokashi nyumbani: ikikauka haijaiva

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Naishi ghorofani, sina bustani, nina roshani ndogo tu. Nina ndoo mbili za lita 20 zilizojaa mabaki ya jikoni niliyoyachachua kwa pumba ya bokashi (pumba iliyotiwa vijidudu vya kuchachua), sasa yana wiki tatu. Nataka niyakaushe, niyasage, niyaweke kwenye gunia mpaka nipate mahali pa kupanda. Nimejaribu sinia moja. Siku ya tatu liliota ukungu wa kijani, nzi wakajaa, majirani wakalalamikia harufu. Nilikosea wapi? Na je, nikiyakausha, vile vijidudu vyenye faida havifi?"

Marahaba. Wengi wanaochachua mabaki bila kuwa na bustani hufika hapo ulipofika: ndoo zimejaa na udongo haupo. Unaweza kuyakausha, na yakikauka sawasawa yanakaa miezi mingi bila kunuka. Ila naomba ushike jambo moja kabla hujagusa sinia tena, maana ndilo linaloamua mengine yote. Kukausha kunayasimamisha mabaki pale yalipofika, hakuyaivishi. Gunia utakalojaza litakuwa na mabaki machachu yaliyolala, yakisubiri maji yaamke.

Fungua ndoo utazame. Ganda bado ni ganda, jani bado ni jani, na mfupa haujabadilika hata kidogo. Kilichotokea humo ni kuchacha: bakteria wa asidi laktiki wamekula sukari iliyokuwa kwenye mabaki, wakatoa asidi, na kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, kikafika karibu na 4. Katika uchachu huo, tena pasipo hewa, bakteria wa kuozesha hawafanyi kazi. Ndiyo maana ndoo iliyofungwa vizuri haitoi uvundo, inatoa harufu kama ya siki. Neno bokashi ni la Kijapani, na hapa nalitumia kwa mabaki yaliyochachuliwa hivyo. Mtu aliyeueneza mchanganyiko wa vijidudu unaotumiwa sana leo, ule unaoitwa EM (kifupi cha Kiingereza cha "vijidudu vyenye ufanisi"), ni Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus kule Okinawa, kuanzia miaka ya 1980. Lakini kazi yenyewe wafugaji wanaijua kwa jina la sileji: majani yanashindiliwa, yanafungwa yasipate hewa, yanachacha, na ng'ombe anayala miezi baadaye yakiwa bado majani.

Mfugaji wa sileji anaweza pia kukueleza kwa nini sinia lako liliharibika. Anajua kwamba shimo likishafunguliwa, sileji huanza kupata joto na kuota ukungu ndani ya siku chache. Ile asidi iliyokuwa ikilinda mabaki ni chakula kitamu kwa hamira za porini na kwa ukungu, ila wanaihitaji hewa ili waile. Ulipomwaga ndoo kwenye sinia uliwapa hewa. Wakaanza kuila asidi, uchachu ukapungua, na uchachu ukishapungua walinzi wameondoka mlangoni: bakteria wa kuozesha wanaingia na uvundo unafuata. Kwa hiyo kukausha bokashi ni mbio kati ya maji na ukungu. Maji yakitoka ndani ya siku mbili au tatu, umeshinda. Yakichelewa mpaka siku ya tano, ukungu umeshinda, na jua la siku ya sita halitarudisha kitu.

Nikuonyeshe ukubwa wa hayo maji, kwa sababu watu wengi huyadharau. Mabaki ya jikoni ni maji karibu robo tatu ya uzito wake. Chukua kilo 10 zenye unyevu wa asilimia 75: kilo 7.5 ni maji, kilo 2.5 tu ndizo kitu kikavu. Ili yahifadhike unataka unyevu wa asilimia 12 hivi, maana yake ubaki na kilo 2.8. Zaidi ya lita 7 za maji lazima ziondoke kwa njia ya hewa. Sinia lililojazwa kina cha vidole vinne, katika roshani isiyopitisha upepo, haliwezi kuziondoa kwa wakati.

Ndiyo maana nusu ya kazi hufanywa kabla ya kuanika, na hiyo nusu haihitaji jua.

Kwanza hakikisha unachokausha kimechacha na hakijaoza. Harufu ya siki na ukungu mweupe kama pamba juu yake ni dalili njema. Ukungu mweusi, wa kijani au wa buluu ndani ya ndoo, au harufu ya yai bovu, ni dalili kwamba ndoo hiyo haifai kuanikwa. Hiyo izikwe kwenye udongo. Kukausha kitu kilichooza ni kuutawanya uozo kwa majirani.

Kisha chuja. Ndoo ikiwa na koki, iachie siku nzima ikiwa imeinamishwa upande wa koki. Isiyo na koki, mimina mabaki kwenye gunia la nyuzi au mfuko wa wavu, uning'inize juu ya beseni, halafu weka sahani na kitu kizito juu yake. Kila lita inayochuruzika hapo ni lita ambayo jua halitaulizwa. Maji hayo usiyatupe ovyo: kijiko kimoja cha chakula katika lita moja na nusu ya maji safi kinatosha kumwagilia mimea iliyokwisha kushika, na uyatumie siku hiyohiyo. Yakiwa mazito yanaunguza mizizi kwa asidi na chumvi.

Ukishachuja, changanya na kitu kikavu. Hapa ndipo sinia lako lilipokosa msaada zaidi ya mahali pengine popote. Pumba, makapi ya nafaka, maranda ya mbao isiyopakwa rangi wala dawa, kadibodi iliyochanwachanwa, majani makavu yaliyopondwa, au udongo mkavu uliochekechwa, vyote vinafaa. Kilo 10 za mabaki ukizichanganya na kilo 2.5 za pumba kavu, unyevu unashuka kutoka asilimia 75 mpaka kama 62 kabla jua halijafanya lolote. Ila faida kubwa iko kwenye nafasi: mabaki peke yake hushikamana kama uji mzito na hewa haipiti, wakati pumba na maranda yanayatenga, kila kipande kikapata upepo wake. Mafuta ya chakula kilichopikwa nayo hunyonywa na pumba, badala ya kuyafunika mabaki kwa utando usiokauka.

Kati ya vyote hivyo, ninachokipenda mimi ni bokashi kavu ya kundi lililopita. Ikishakauka mara ya kwanza, weka kando theluthi yake, uitumie kunyonya unyevu wa ndoo inayofuata. Maranda nayatumia kwa kiasi, kwa sababu yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo sana; yakizidi, siku utakapoyatia kwenye udongo vijidudu vitaichukua naitrojeni ya udongo ili viyale, na mmea utapauka ukisubiri.

Usichanganye majivu wala chokaa wakati huu. Najua wapo wanaoshauri hivyo ili kupunguza uchachu, na ushauri huo una madhara. Ndani ya uchachu wa pH 4, naitrojeni iliyokwisha kuachiliwa hukaa kwa umbo la amoniamu, ambalo halirukaruki hewani. Ukitia majivu, pH inapanda, amoniamu inageuka gesi ya amonia na kuondoka na mvuke. Utakuwa umepoteza mbolea uliyoihangaikia, na harufu kali juu yake. Uache uchachu ufanye kazi yake mpaka mwisho wa kukauka.

Sasa kuanika. Tabaka lisizidi sentimita 2. Kwa kipimo hicho kilo 10 pamoja na pumba yake zinahitaji kama mita moja na nusu ya mraba, na huenda roshani yako nzima haina zaidi ya hapo. Basi kausha ndoo moja, tena kwa mafungu. Ndoo ya pili ikiwa imefungwa barabara haina haraka yoyote. Bokashi isiyoguswa na hewa hukaa miezi.

Tumia wavu uliowambwa kwenye fremu kuliko sinia la bati. Sinia hukausha upande mmoja na kutunza maji chini, ambako hakuna anayeyaona. Kichanja chenye wavu, kilichoinuliwa kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, hupitisha upepo juu na chini, na muda hupungua karibu nusu. Upepo ndio mfanyakazi mkuu hapa. Jua kali lisilo na upepo hukaanga uso wa kipande ukawa mgumu kama ngozi, huku ndani kikibaki kibichi. Ukikibonyeza unadhani kimekauka, kumbe umeufungia unyevu. Afadhali kivuli chenye upepo kuliko jua la mahali palipozibwa. Palipo na vyote viwili, shukuru. Vunja mabonge kwa mkono wenye glavu, yapasue maganda mazima ili upande wa ndani utazame juu, na ugeuze asubuhi na jioni. Jioni, kabla umande haujashuka, funika au ingiza ndani, kwa sababu pumba kavu inanyonya umande kwa kasi ileile iliyonyonya maji ya ndoo.

Nzi nao. Siku ya kwanza na ya pili ndizo za hatari, wakati mabaki bado ni mabichi na yananukia. Mayai ya nzi wa nyumbani huweza kuanguliwa chini ya siku moja palipo na joto, na wale nzi wadogo wa matunda huvutwa na harufu ya siki yenyewe. Kifunike kichanja tangu dakika ya kwanza kwa kitambaa chepesi cha pamba au wavu wenye matundu madogo sana, na ukibane pembeni pasibaki upenyo. Usikilaze juu ya mabaki, maana nzi atataga kupitia kitambaa. Kiinue kwa vijiti. Kufikia siku ya tatu uso ukiwa umekauka hawataona cha kutagia.

Kuhusu majirani, nisikudanganye: saa chache za mwanzo zitanukia hata ukifanya kila kitu sawa. Asidi laktiki yenyewe hairuki kirahisi, ila asidi ya siki na nyingine nyepesi zinaondoka pamoja na mvuke, na pua inazikuta haraka. Kuchuja kunapunguza sana. Vumbi la mkaa, gao mbili kwa kila kilo, linapunguza zaidi, maana mkaa hunasa harufu kwenye matundu yake. Anika asubuhi ya siku yenye upepo, tena ukizungumza na jirani mapema. Mtu aliyeambiwa kwamba ni harufu ya siku moja huivumilia tofauti na yule aliyeshtukizwa. Ikigeuka kutoka harufu ya siki kuwa ya kuoza, hapo si suala la uvumilivu tena: mbio umeshindwa, ondoa kichanja.

Oveni ya jikoni siishauri kabisa. Kila kilo ya maji inataka karibu megajuli 2.4 ili igeuke mvuke, kwa hiyo zile lita 7 zinakula karibu uniti 5 za umeme hata kama oveni ingekuwa haipotezi joto lolote, na oveni zote hupoteza. Juu ya hapo nyumba nzima itanuka siki siku mbili. Feni ndogo inayopuliza kwenye kichanja hutumia umeme kidogo mno ukilinganisha na oveni, na hewa kavu ya chumbani hufanya kazi iliyobaki.

Utajuaje kwamba imekauka? Mkono hudanganya, hasa jioni. Fanya jaribio la chupa: jaza nusu ya chupa ya kioo yenye kifuniko, ifunge, iweke juani saa mbili tatu. Ukiona ukungu wa mvuke au matone ndani ya kioo, rudisha kichanjani. Njia nyingine ni mizani: pima gramu 100, endelea kuanika fungu hilo siku moja zaidi, pima tena. Uzito usiposhuka tena, maji yaliyobaki ni kidogo. Vipande vivunjike kwa mlio vikipindwa, visijikunje.

Sasa lile swali lako la vijidudu, ambalo naona ndilo lililokutia wasiwasi. Baadhi vinakufa, vingi vinalala. Bakteria wa asidi laktiki walio wengi hawatengenezi mbegu za kujihifadhi, hivyo kukauka kunawapunguza na kila mwezi ghalani unawapunguza tena. Hamira zinastahimili zaidi. Hamira kavu ya kuokea mikate ni ushahidi unaoujua. Ukitaka wengi wabaki hai, usizidishe nyuzi 40 za Selsiasi. Lakini jiulize unawahitaji kwa kazi gani. Hapa kuna mkanganyiko nauona mara kwa mara: pumba ya bokashi, ile unayonyunyizia kwenye ndoo, nayo hukaushwa, na hiyo thamani yake yote ni vijidudu vilivyo hai. Mabaki yaliyochacha ni kitu kingine. Kazi ya vijidudu vyake ilikuwa kuchachua, na imekwisha. Watakaoyaivisha ni vijidudu vya udongo, minyoo na kuvu walioko ardhini, ambao hutawapata ndoani hata usipokausha. Hivyo usikose usingizi kwa ajili ya waliokufa kichanjani.

Kwa sababu hiyohiyo, usiamini kwamba ukavu umesafisha mabaki. Kama ndani ya ndoo mlikuwa na nyama, mayai au maziwa, ujue kwamba bakteria kama Salmonela wanaweza kuishi muda mrefu katika kitu kikavu. Vaa glavu, nawa mikono, na usikaushie karibu na chakula. Unaposaga, na hasa hapo, funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri na ufanyie nje: vumbi la mabaki hubeba mbegu za ukungu, na mwenye pumu au mapafu dhaifu asiikaribie kazi hii. Wala sioni sababu ya kusaga mpaka unga. Kuvunjavunja ndani ya gunia kwa gongo kunatosha, vumbi ni kidogo, na udongo utamaliza. Mashine ya kusagia chakula cha familia isihusike.

Hifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana kuliko gunia. Gunia linapumua, msimu wa mvua litanyonya unyevu na ukungu utarudi; panya nao hawaheshimu gunia, na mbwa anaipenda harufu hiyo kuliko unavyodhani. Andika tarehe juu ya ndoo.

Siku ya kutumia ndipo wengi wanapoumia, kwa kuwa kitu kikavu, chepesi, chenye rangi ya kahawia kinafanana sana na mboji iliyoiva. Mtu anakimwaga shinani, anamwagilia, na baada ya siku nne kimeamka: uchachu umerudi, ukungu umetanda, mizizi inaungua. Kumbuka pia chumvi ya chakula kilichopikwa haikuondoka na mvuke. Ile iliyokuwa kwenye kilo 10, ukiacha iliyochuruzika, sasa imo ndani ya mzigo mdogo zaidi. Kwa hiyo pima kwa mkono mdogo: sehemu moja ya bokashi kavu kwa sehemu kumi za udongo, kwa ujazo. Loweka kidogo kwanza, changanya, funika kwa udongo mtupu kama sentimita 5, uache wiki tatu au nne ukiwa na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Kisha otesha mbegu chache zinazochipua upesi. Zikiota zikiwa na mizizi myeupe, panda. Zikidumaa au ncha zikawa za kahawia, ongeza wiki mbili.

Na hili ndilo ambalo ningelifanya mimi katika nafasi yako. Kama sababu ya kukausha ni kusafirisha, kwa mfano unampelekea ndugu mwenye shamba na unataka mzigo uwe mwepesi, kausha kama nilivyoeleza. Lakini kama sababu ni kuhifadhi tu mpaka upate mahali, tafuta boksi la plastiki lenye kifuniko, weka udongo wa zamani wa vyungu chini, mabaki yaliyochujwa katikati ukiyachanganya na udongo, na udongo mwingine juu, kwa kiasi cha udongo mara mbili ya mabaki. Acha kifuniko kikiwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Mahali penye joto, mwezi mmoja hivi unatosha maganda mengi yasitambulike tena. Hapo ndipo uanike, kama bado unataka kuanika: udongo ulioiva hukauka bila harufu, nzi hawautaki, na ukiulowesha mwakani hauamki na uchachu. Boksi moja, udongo uleule ukizungushwa ndoo baada ya ndoo, linatosha nyumba ya ghorofani.

Lile sinia lenye ukungu wa kijani usiliguse likiwa kavu. Linyunyizie maji kwanza ili mbegu za ukungu zisiruke, vaa barakoa, umwage vyote kwenye boksi hilo na uvifunike kwa udongo sentimita 10. Ukungu huo hautadhuru kitu humo. Wakazi wa udongo wataula pamoja na mabaki. Osha sinia kwa sabuni, likauke. Ndoo ya pili iache imefungwa mpaka fungu la kwanza lipite jaribio la chupa.